Maradhi Yapitayo kwa Pumzi

Usiku huu nataka kusema nanyi habari ya maradhi yapitayo kwa pumzi. Mtaniwia radhi nikianza na habari ya nyumbani kwetu, maana fundisho hili nililipata kwa uchungu, wala sipendi mwingine alipate kwa njia ile ile.

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 ameonekana katika Tanzania, huko Arusha, naye alikuwa msafiri aliyetoka Ubelgiji. Kesho yake ikaamriwa shule zifungwe, kisha vyuo navyo vikafungwa. Mimi ni mwalimu katika chuo cha walimu. Nilikawia mjini kwa shughuli zangu hata mwezi wa Aprili, ndipo nikapanda motokaa ya abiria iliyojaa watu mpaka mlangoni, nikashuka njia kuu, nikapanda mlima kwenda kwetu Mpale. Sikuwa na homa wala kikohozi, ila koo lilikuwa likiniwasha kidogo, nikasema ni vumbi la safari.

Mama yangu alikwisha kusikia habari kwa redio. Aliponiona akasimama mlangoni, akasema, "Karibu, mwanangu. Lakini keti kwanza hapo barazani, unawe, na siku hizi chache usiende kwa mjomba wako." Nilikasirika. Nikamjibu, "Mama, je, mimi nimekuwa mgeni? Mjomba ndiye aliyenilipia ada ya shule. Nikikaa hapa bila ya kwenda kumshika mkono, watu watasemaje?" Nikaenda. Nikamwamkia kwa mikono miwili, tukaketi karibu na moto, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya mlimani, tukala sahani moja, tukazungumza mpaka usiku mwingi.

Siku ya pili nikashikwa na homa, na pua yangu haikunusa hata moshi wa kuni. Baada ya siku sita mjomba naye akashikwa. Mimi nilipona, yeye hakupona. Siwezi kuapa kwamba ni mimi niliyempelekea maradhi, maana hakuna aliyetupima. Lakini siwezi pia kuapa kwamba si mimi.

Basi tutazame jinsi maradhi haya yaendavyo. Virusi ni vitu vidogo mno, visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida ya shuleni. Mtu akikohoa, akipiga chafya, akiimba, hata akisema tu, hutoa matone ya mate. Yaliyo makubwa huanguka karibu. Yaliyo madogo sana huelea hewani kama moshi, na katika chumba kilichofungwa hukaa kwa muda mrefu. Tena jambo hili mlishike sana: mtu aweza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla ya kujisikia mgonjwa. Ndiyo maana koo langu la vumbi halikuwa udhuru.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1918, vita kuu ya kwanza ilipokuwa ikiisha, homa ya mafua ilizunguka dunia yote. Ilifika pwani yetu kwa merikebu, ikafuata reli na njia za askari na wapagazi hata bara. Hukadiriwa kwamba duniani watu yapata milioni 50 walikufa. Siku zile hapakuwa na chanjo yake, wala waganga hawakujua bado kwamba ni virusi. Sisi tunajua, basi tukipuuza, kosa letu ni kubwa kuliko lao.

Sasa tufanyeje maradhi ya namna hii yakizuka? Kwanza, fungua madirisha na milango, hata kama kuna baridi. Afadhali kujifunika blanketi kuliko kufungia virusi ndani. Wageni na waketi barazani au chini ya mti. Pili, ukohoe katika kiwiko cha mkono au katika leso, wala usiteme mate ovyo. Tatu, nawa mikono kwa sabuni kwa muda wa sekunde 20. Sabuni huyeyusha ganda la mafuta la virusi hivi, navyo huharibika. Maji na yamiminwe kwa kata au kibuyu, wala watu wasinawe wote katika bakuli moja. Nne, vaa barakoa ifunikayo pua na kinywa pamoja, hasa katika motokaa, sokoni na kwa mgonjwa. Aivaaye kidevuni amevaa pambo.

Tano, akiugua mtu nyumbani, na alale chumba chake peke yake ikiwezekana, na mtu mmoja mwenye nguvu amhudumie, asiwe mzee. Mpeni maji ya kutosha na chakula. Lakini akipumua kwa shida, au kifua kikimbana, au midomo ikigeuka rangi, au akianza kusema maneno yasiyo na maana, msingoje kupambazuke: mpelekeni hospitali.

Najua watu wengi hujifukiza. Mvuke waweza kumpa mtu nafuu ya pua iliyoziba, lakini hauui virusi vilivyomo mwilini, tena maji ya moto yamewaunguza wengi. Na watu watatu wakiingia chini ya blanketi moja juu ya chungu kimoja, hapo virusi vimepata nyumba. Vidonge viuavyo bakteria navyo haviui virusi. Usivinunue dukani kwa kubahatisha.

Chanjo ni ngao. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu, na huo ukawa mwanzo wa chanjo ya UVIKO-19 Tanzania Bara. Aliyechanjwa aweza kuugua, lakini hatari yake ya kuzidiwa au kufa hupungua sana. Tena tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Halikusema kwamba maradhi yamekwisha.

Neno gumu nimeliacha mwisho. Sisi ni watu wa kujuliana hali. Mtu akiugua twaenda; akifa twakusanyika, twalala matangani. Nani atakubali kuitwa mtu asiye na utu? Nami sisemi tuache utu, bali tuubadilishe mwendo kwa muda. Mpelekee mgonjwa unga na kuni, uviweke mlangoni, umwite kwa jina lake ajue kwamba umekuja. Msibani watu na wawe wachache, wakae nje, na wengine walete mchango wao, kisha wakae na wafiwa siku hatari itakapopita. Wala aliyeugua asichekwe wala kutengwa baada ya kupona, maana watu wakiogopa aibu wataficha, na wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Nanyi wanafunzi, mkisikia habari hizi, msomeeni babu na bibi asiyejua kusoma. Msimkemee; mwelezeni kwa adabu, mara mbili, mara tatu.

Mama yangu hakunilaumu hata siku moja. Lakini nikija nyumbani sasa, na koo likiniwasha, mimi mwenyewe huketi barazani kabla ya kuambiwa. Mama huniletea maji ya kunawa, huviweka chakula changu kando, naye hukaa upande wa pili wa uwanja, nasi huzungumza kwa sauti kubwa mpaka giza liingie. Mazungumzo yetu hayakupungua hata kidogo. Laiti ningalizungumza hivyo na mjomba.