Dawa ya Kutuliza na Mate Kinywani

(Mazungumzo na wahudumu wa afya wa vijiji)

Leo tuongee juu ya mate. Najua wengine mtacheka, kwani mate ni kitu cha kutema tu. Lakini ngojeni kidogo.

Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kila siku. Yanatoka katika tezi kubwa sita: mbili karibu na masikio, mbili chini ya taya na mbili chini ya ulimi, pamoja na nyingine ndogo ndogo nyingi. Mate hulainisha chakula, huosha meno na kupunguza ile asidi inayotoboa meno. Tezi hizi hupata maagizo kutoka kwa mishipa ya fahamu. Ndiyo maana ukiogopa kinywa kinakauka, hata kabla hujakalia kiti cha daktari wa meno.

Sasa, sindano ya ganzi na dawa ya kutuliza si kitu kimoja. Ganzi huzuia maumivu mahali pamoja tu, na mgonjwa yuko macho. Hiyo ndiyo wengi wetu tumedungwa tukienda kung'olewa jino. Dawa ya kutuliza hufanya kazi kwenye ubongo. Woga unapungua na usingizi unakuja. Hupewa mtoto anayeogopa sana, mtu mwenye ulemavu asiyeweza kutulia, au mgonjwa mwenye kazi ndefu kinywani.

Dawa hizo hazifanani kwa upande wa mate. Diazepamu, ambayo wengi wanaijua kama Valium, na midazolamu mara nyingi hupunguza mate. Promethazini nayo hukausha kinywa. Lakini ketamini huongeza mate, hata pengine daktari hutoa dawa nyingine, kama atropini, ili kuyapunguza.

Hapo mama ataniuliza: "Kama dawa inakausha, mbona mtoto alitokwa na udenda mpaka nguo ikalowa?" Swali zuri. Udenda si lazima uwe mate mengi. Ni mate yasiyomezwa. Ukiwa macho unameza bila kufikiri, na kitu kikikosea njia unakohoa. Dawa ya kutuliza inalegeza kumeza na kukohoa. Basi mate, damu, maji ya mashine, hata kipande cha jino, vyaweza kuingia katika njia ya hewa. Kwa hivyo daktari hutumia mrija wa kufyonza na pamba, na lazima awepo mtu wa kuangalia jinsi mgonjwa anavyopumua.

Na sisi tuna kazi yetu. Tukumbuke haya:

1. Mwambie daktari kila dawa unayotumia: ya presha, ya kifafa, Piriton ya mafua, hata miraa na pombe. Nyingi kati ya hizo hukausha kinywa. Pombe pamoja na dawa ya kutuliza inaweza kuzuia pumzi mpaka mtu akafa.

2. Usimpe mtoto dawa ya usingizi nyumbani ili "asisumbue huko," wala ile iliyobaki kwa jirani. Daktari akiongeza yake bila kujua, zitakuwa mbili.

3. Fuata maagizo ya kutokula. Mara nyingi ni masaa 6 bila chakula, na maji matupu yanaachwa masaa 2 kabla. Ukimhurumia mtoto ukampa uji kwa siri, anaweza kutapika akiwa usingizini, na matapishi yakaenda mapafuni.

4. Mkirudi nyumbani, mtoto mwenye usingizi asibebwe mgongoni wala kwenye bodaboda kichwa kikiwa kimeinama kifuani, kwa sababu njia ya hewa inaweza kuziba. Mlaze kwa ubavu, mtu akae naye. Asipewe kitu cha kunywa mpaka awe macho na ameze vizuri. Mtu mzima asiendeshe gari wala asishike panga mpaka kesho yake. Ukiona mtu haamki, anakoroma vibaya au midomo inabadilika rangi, mkimbize hospitali.

5. Ukavu wa dawa ya siku moja huisha. Anywe maji kidogo kidogo, si soda wala peremende. Lakini anayemeza kila siku dawa inayokausha kinywa, meno yake yanaweza kuoza haraka. Asiache dawa kwa shauri lake. Aulize daktari, na apige mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi.

Nyinyi wahudumu ndio mnaoingia nyumbani kabla daktari hajamwona mgonjwa. Mkisikia mtu anaenda kutibiwa meno, mwambieni atie pakiti zote za dawa zake kwenye mfuko aende nazo, hata zile ambazo hajui majina yake. Daktari atazisoma mwenyewe. Kazi hiyo haihitaji pesa, na inaweza kuokoa mtu.