Mtoto wa Mhunzi Asiyejua Kusoma

Magemu mengi makubwa ya ulimwengu wazi humpamba mchezaji tangu dakika ya kwanza. Wewe ndiye mteule, wewe ndiye uliyetabiriwa, haya, shika upanga ukaue joka. Kingdom Come: Deliverance, lililotolewa Februari 2018 na studio ya Warhorse ya Jamhuri ya Cheki, halina joka wala uchawi. Lina Henry, mtoto wa mhunzi katika Bohemia ya mwaka 1403, na Henry hajui kitu.

Hajui kweli. Mapema kabisa baba yake anamtuma kwa mlevi mmoja, Kunesh, akadai deni. Nenda kwa ubabe uone: Kunesh atakushushia makonde mpaka ukae chini. Ukifungua kitabu, herufi zimevurugika, kwa kuwa Henry hajui kusoma. Inabidi umtafute karani katika kijiji cha Uzhitz akufundishe, na hata ukishafundishwa, maneno yanakaa sawa kidogo kidogo kadiri unavyoendelea kusoma. Ukimwendea bwana mkubwa umetapakaa damu na matope, maneno yako hayana uzito; kanawe kwanza. Sijacheza gemu jingine linalomfanya mtu aone fahari kwa kumaliza ukurasa mmoja.

Kuna sehemu unaingia monasteri ya Sasau kama mtawa mwanagenzi, kumsaka mtu aliyejificha humo. Silaha unaziacha nje. Kuna saa ya sala, saa ya kazi, saa ya kulala, na ukikosa unaadhibiwa. Wapo wachezaji waliopiga miayo. Kwangu mimi, huo ndio ujasiri mkubwa kuliko vita vyote vya gemu hili.

Lakini kuna ugumu wa maisha ya Henry, na kuna ugumu wa programu yenyewe. Warhorse walivichanganya hivi viwili. Kuhifadhi ulipofikia kulikuwa na masharti: ulale kwenye kitanda kinachofaa, ufike mahali fulani katika hadithi, au unywe pombe maalumu, Saviour Schnapps, ambayo mwanzoni ni ghali na Henry maskini. Nia naielewa; walitaka uogope matokeo ya uamuzi wako. Sawa, ila gemu lenyewe lilitoka na hitilafu tele. Unatembea msituni muda mrefu, mara linajizima, na safari yote imepotea. Hapo hujaadhibiwa kwa uzembe wako, umeadhibiwa kwa uzembe wao. Baadaye waliongeza njia ya kuhifadhi unapotoka, jambo lililotakiwa kuwepo siku ya kwanza.

Kuchokonoa kufuli kwa pedi kulikuwa mateso matupu, wakalazimika kurahisisha zoezi hilo. Kupigana na adui mmoja kunataka akili: unachagua upande wa kupiga, unasoma mkono wake. Wakija watatu, sanaa yote inageuka vurugu. Na Wakuman, wapiganaji wa kukodiwa wa Mfalme Sigismund, wengi wao wamechorwa kama maadui wa kukatwa tu, katika gemu linalojisifu kwa kuheshimu historia. Hilo silisamehe haraka.

Hata mwisho una kasoro. Upanga alioufua baba yake, ambao Henry anausaka gemu zima, haurudi mikononi mwake.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 2014 mashabiki walilichangia zaidi ya pauni milioni 1.1 kwenye tovuti ya michango ya Kickstarter, wakithibitisha kwamba wapo watu wanaotaka hadithi ya mtu wa kawaida. Hawakudanganywa.

Hukumu yangu: ni gemu kubwa lililotolewa kabla halijaiva, na leo, baada ya marekebisho mengi, linastahili muda wako. Sehemu ya pili ilitoka Februari 2025 na inaendelea pale lilipoishia la kwanza, kwa hiyo usiliruke. Anzia Skalitz, nyumbani kwa baba yake Henry.