Biashara Ikoje Mwezi Huu?

(Mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana wa Kanda ya Ziwa, hapa Mwanza. Nimeinyoosha kidogo ili isomeke, ila maneno mengi nimeyaacha kama nilivyoyasema.)



Najua ratiba imeandikwa "uchumi wa viwanda" na tayari naona watu wanasogeza viti kwenda nyuma. Msiogope. Leo nina swali moja tu, na kila mmoja wenu ameshamuuliza mama muuza samaki pale Kirumba: biashara ikoje?

Kuna mji Marekani unaitwa Philadelphia. Benki ya pale ni moja kati ya benki 12 za kanda zinazounda mfumo wa Benki Kuu yao. Tangu Mei 1968, kila mwezi, benki hiyo inawauliza wenye viwanda wa eneo lake, yaani mashariki ya Pennsylvania, kusini ya New Jersey na Delaware. Haiwaulizi umepata faida kiasi gani, wala umelipa kodi kiasi gani. Inauliza: ukilinganisha na mwezi uliopita, shughuli zimepanda, zimeshuka, au ziko palepale? Halafu hivyohivyo kwa oda mpya, mzigo uliotoka, bei ya malighafi, bei ya kuuzia, idadi ya wafanyakazi na saa za kazi kwa wiki. Na kingine: miezi sita ijayo unaonaje?

Basi. Kujibu ni hiari na jibu la kiwanda kimoja halitangazwi.

Hesabu yake hata aliyepata F ya hesabu ataiweza. Tuseme viwanda 100 vimejibu. 40 vinasema zimepanda, 25 vinasema zimeshuka, 35 vinasema palepale. Unachukua 40 unatoa 25, unapata 15. Mwezi huo ni chanya 15. Wakizidi walioshuka, namba inakwenda chini ya sifuri. Haikwambii viwanda vimekua kwa asilimia 15, hapo wengi wanakosea, hata kwenye magazeti. Inakwambia maumivu au nafuu imesambaa kwa wangapi. Kiwanda kilichoshuka kidogo na kilichobakiza mlinzi tu getini vinahesabiwa sawa.

Sasa kwa nini nawaletea habari za Philadelphia wakati hapa tuna shida zetu? Hebu rudini nami Aprili 2020. Corona imeingia. Kwao ni mwaka wa uchaguzi mkuu, kwetu ni mwaka wa uchaguzi mkuu. Mwezi huo kipimo cha Philadelphia kilianguka hadi hasi 56.6, kiwango cha chini kabisa tangu Julai 1980. Kikatangazwa. Serikali iliyokuwa inaomba kura haikuipenda namba ile hata kidogo, lakini ilitoka kama inavyotoka kila mwezi. Na mwezi huohuo, wenye viwanda walipoulizwa kuhusu miezi sita ijayo, waliotarajia nafuu walikuwa wengi kuliko waliotarajia hali mbaya zaidi. Yaani leo wameumia na bado wanaona mbele.

Kwetu, mwanzoni mwa Mei 2020, takwimu za wagonjwa wa corona zilifika 509 zikaishia hapo. Mnakumbuka. Hazikuishia hapo kwa sababu ugonjwa uliishia hapo.

Ukitaka mfano wa karibuni zaidi, Aprili 2025. Rais wao katangaza ushuru mpya kwa bidhaa za karibu dunia nzima. Machi kipimo cha Philadelphia kilikuwa chanya 12.5. Aprili kikatangazwa hasi 26.4. Hakuna aliyengoja robo mwaka iishe ili ajue wenye viwanda wamepokeaje.

Turudi nyumbani. Mimi baada ya chuo nilifanya kibarua kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, sitakitaja. Takwimu zetu zilikuwa getini. Saa kumi na mbili asubuhi msimamizi anatoka, anahesabu vichwa. Samaki wakiwa wengi anachukua watu themanini na shifti inasogea mpaka usiku. Mwezi ukiwa mbaya anachukua ishirini, na saa sita mchana mnaambiwa nendeni mkanawe. Unarudi nyumbani na pesa ya nusu siku, na mama ntilie wa pale nje anakukopesha huku anakuangalia vibaya, kwa sababu na yeye sufuria lake halijaisha. Hata mapanki yanapanda bei, maana minofu ikipungua na mapanki yanapungua.

Lakini angalia kitu hiki. Siku zile hakuna aliyefukuzwa kazi! Ukienda ofisini, idadi ya waajiriwa ni ileile ya mwezi uliopita, kwa sababu sisi hatukuwa waajiriwa. Ndiyo maana lile swali la Philadelphia kuhusu saa za kazi mimi nalipenda kuliko yote. Mwenye kiwanda akibanwa huanza kukata saa, watu anawakata baadaye. Anayeuliza saa anajua mapema. Anayeuliza ajira peke yake anafika msibani watu wameshazika.

Mtaniambia, ripoti zipo. Ni kweli zipo. Benki Kuu yetu inatoa ripoti ya uchumi ya kanda kwa robo mwaka, na Kanda ya Ziwa imo. Isomeni, siyo mbaya, wengi tunaibeza bila kuifungua. Ila robo mwaka ni miezi mitatu, na ongeza muda wa kuandaa. Kibarua wa getini ameshahama mji. Wakenya wana kipimo cha kila mwezi kinachotolewa na benki ya Stanbic tangu 2014. Kule mstari ni 50, ukiwa chini yake mambo yanasinyaa. Julai 2024, vijana wenzetu wakiwa barabarani, kilishuka hadi 43.1. Kipimo kizuri, lakini kinachanganya viwanda na mashamba na maduka na ujenzi, na ni cha nchi nzima. Kisumu ikiumwa peke yake humuoni mgonjwa.

Tatizo la kwetu naliona ni woga zaidi ya fedha. Mwaka jana nilijaribu. Nilikwenda kwa mzee mmoja msimamizi wa jineri, ananifahamu tangu mtoto. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nina swali dogo. Biashara mwezi huu imepanda, imeshuka, au iko palepale?" Akaniangalia, akaangalia kalamu yangu. Akasema, "Mwanangu, andika tunamshukuru Mungu."

Mnacheka. Mimi nilirudi nyumbani nikijiuliza niiweke wapi hiyo. Siyo kupanda, siyo kushuka.

Ila nilimwelewa. Mzee yule ameishi nchi ambayo mwishoni mwa Oktoba 2017 Zitto Kabwe alihojiwa na polisi kwa sababu ya takwimu za ukuaji wa uchumi. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ikarekebishwa, ikawa kutoa hadharani takwimu zinazopingana na za serikali ni jinai, faini isiyopungua milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Benki ya Dunia ikaeleza wasiwasi wake hadharani, na mwaka 2019 kile kipengele cha jinai kikaondolewa. Sheria ikalegea. Woga haukulegea. Mtu ana leseni, ana ukaguzi wa kodi, ana umeme ambao mtu fulani anaweza kuuchelewesha. Atakwambia ukweli wa nini?

Kwa hiyo siri ya jibu ndiyo roho ya kazi yote. Akiamini kwamba jina la kiwanda chake halitoki, atasema. Jina moja likivuja, mwezi unaofuata nyote mtaandikiwa tunamshukuru Mungu.

Na hapa naomba mnivumilie, maana nitatugusa wenyewe. Sisi wapinzani tunapenda namba mbaya. Kiwanda kikifungwa tunapiga picha kufuli. Sawa, ni wajibu wetu, tuliahidiwa Tanzania ya viwanda na mchango wa uzalishaji viwandani kwenye pato la taifa haufiki asilimia 10. Lakini bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha umeme Februari 2024 na mgao ukapungua, mafundi wa kuchomelea pale Nyakato walijua, na wateja wao walijua. Sisi tulikaa kimya. Umeme bado unakatika, tuseme unakatika. Ulipopata nafuu tuseme umepata nafuu. Tukianzisha kipimo halafu mwezi kikipanda tukakificha, basi tumekuwa wao, tofauti ni rangi ya shati tu.

Ninachopendekeza ni kidogo. Tuanze na sehemu thelathini za kazi, Nyamagana na Ilemela. Siyo wakubwa peke yao. Sensa ya viwanda ya 2013 ilikuta sehemu zaidi ya 49,000 nchini, na takriban asilimia 97 zilikuwa na watu chini ya kumi. Kiwanda cha Mtanzania wa kawaida ni mashine mbili za kukamua alizeti na turubai. Huyo naye aulizwe. Maswali matano: oda, saa za kazi, bei ya malighafi, umeme, na miezi sita ijayo unaonaje. Wiki ileile kila mwezi, mtu yuleyule anayeulizwa. Fomu isiwe na jina, iwe na namba, na daftari la namba lishikwe na mtu mmoja. Wanasheria wetu waipitie Sheria ya Takwimu ilivyo sasa kabla hatujatangaza chochote. Hilo siyo la kuruka.

Na angalizo la msimu. Jineri za Simiyu na Shinyanga zinaamka msimu wa pamba ukifunguliwa, halafu zinalala. Ukiuliza Julai utaambiwa imepanda, Januari utaambiwa imeshuka. Hiyo ni kalenda. Dagaa nao mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala. Philadelphia wanaondoa athari ya msimu kwa hesabu, lakini wana majibu ya zaidi ya miaka hamsini. Sisi kwa kuanzia tulinganishe Julai na Julai iliyopita. Maana yake mwaka wa kwanza tutakusanya tu, hatutatamba mtandaoni. Najua hapo ndipo nitawapoteza wengi.

Fomu nimechapa nakala arobaini, ziko kwa katibu pale mlangoni. Wa Simiyu na Geita, tukimaliza chai mnione, nataka watu wawili wawili wanaojulikana na wenye jineri. Na asiyeweza kutunza siri asichukue, sitamuuliza kwa nini.