Safari Yetu ya Uingereza

Mlitutaka habari za mapumziko yetu, mimi na mke wangu.

Huko Coventry wenyeji wetu walituonyesha kanisa kuu lililoteketezwa kwa mabomu usiku wa 14 Novemba 1940. Kuta zimesimama bila paa. Baada ya moto ule boriti mbili zilizoungua zilifungwa pamoja, zikawa msalaba. Na ukutani pameandikwa: Baba, samehe. Mke wangu akanitazama, nami nikajua sababu.

Kesho yake tukaenda mashambani, kwa rafiki tusiyeandikiana naye miaka saba, kwa neno kali nililolinena mimi. Ilipata saa tatu ya usiku, na jua halijatua bado (ndivyo ilivyo huko mwezi wa Juni). Nikamwambia, “Ndugu, nalikukosea.”

Akanyamaza kitambo, kisha akainua birika. “Sukari vijiko vingapi?”