Tezi ya Thaimasi na Mgonjwa wa Kasumulu

Ugonjwa wa mayasthenia gravis humnyima mtu nguvu ilhali misuli yenyewe ni mizima. Kingamwili za mwili wake huziba vipokezi vya msuli vinavyopokea amri ya neva. Ndiyo maana asubuhi kope zimeinuka na jioni zimelala, na mgonjwa aliyeanza mlo akitafuna vizuri humaliza akishikilia taya kwa mkono. Mara nyingi tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, huchochea kingamwili hizo, na kuitoa ni sehemu ya tiba. Rufaa ya upasuaji huo humtoa mgonjwa Kasumulu, mpakani mwa Malawi wilayani Kyela, zaidi ya kilomita 100 hadi Mbeya, na huweza kumfikisha Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Hoja yangu ni kwamba usalama wake hutegemea zahanati na hospitali ya wilaya kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko tunavyokubali.

Wapo wanaouliza kwa nini apasuliwe kifua ilhali vidonge vipo. Utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 126 wasio na uvimbe wa tezi hiyo, uliochapishwa mwaka 2016, ulilinganisha prednisoloni pekee na prednisoloni pamoja na upasuaji. Katika miaka 3, waliolazwa kwa kuzidiwa walikuwa asilimia 37 upande wa vidonge pekee na asilimia 9 upande wa waliopasuliwa. Faida hiyo huja taratibu, kwa hiyo upasuaji huu si wa dharura, nao muda wa kumwandaa mgonjwa upo. Maandalizi yaanzie zahanati: mwambie avute pumzi moja kubwa, kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Mtu mzima mwenye afya hukaribia 50. Anayekatikia chini ya 20 hastahili kupelekwa kwenye kisu mpaka nguvu zirudi, maana baada ya dawa ya usingizi huenda akashindwa kuachana na mashine ya kupumulia. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala kifaa. Steroidi nazo zisianzishwe bila kumtibu kwanza mnyoo wa strongiloidi, anayeingia mwilini kupitia ngozi ya miguu pekupeku katika udongo wenye unyevu kama wa majaruba ya mpunga ya Kyela: kinga ikishushwa, mnyoo huyo husambaa mwilini na huweza kuua.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba haya ni mambo ya mabingwa, na muuguzi wa zahanati asibebeshwe. Lakini bingwa hatakuwepo mgonjwa atakaporudi nyumbani na kupata homa. Kwinini, dawa ya malaria, hudhoofisha mawasiliano ya neva na msuli, na katika wilaya yenye malaria kama Kyela bado hutolewa artesuneti ya sindano inapokosekana. Jentamaisini, sindano ya kawaida kabisa wodini, ina hatari hiyohiyo. Ugonjwa huu huwapata sana wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwa miaka mingi kwinini ndiyo iliyopendekezwa kwa mjamzito wa miezi mitatu ya mwanzo, hadi Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza dawa mseto ya ALu mwaka 2022. Akipata kifafa cha mimba, magnesiamu anayochomwa ili kumwokoa inaweza kumzimia pumzi. Hakuna ustadi wa chumba cha upasuaji unaozuia hayo. Kadi iliyoandikwa dawa za kuepuka inaweza.

Kupona nako kuna kazi yake. Mfupa wa kidari uliopasuliwa huchukua wiki 6 hadi 12 kushikana, na muda huo ndoo ya maji kichwani, iliyoinuliwa kwa mikono miwili, ni marufuku, sawa na gunia la kakao. Jamaa wagawane kazi hizo kabla hajasafiri. Akohoe akiwa amekumbatia mto kifuani, avute pumzi ndefu kila saa akiwa macho, na akianza kupaliwa na maji au kukatikia katikati ya sentensi apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kadi yake iandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa kuwa homa ikimshika ng'ambo ya Mto Songwe, atakayemtibu ni mganga wa Karonga, Malawi.