Nani Anayehesabu Magunia?

Hotuba kwa wakazi wa Kibera na Kawangware juu ya uhaba wa nafaka

Nimeombwa niseme juu ya uhaba wa nafaka unaohofiwa. Najua ya kuwa wengi wenu huuona uhaba kabla serikali haijautangaza, kwa maana habari za nafaka katika mitaa hii hufika kwanza kwa gorogoro.

Mama wa Laini Saba hanunui gunia. Hununua gorogoro moja la mahindi, au unga wa kupima unaotosha chakula cha jioni hiyo. Uhaba humjia siku anapokuta mkebe ule ule umebonyezwa kitako, bei ikiwa ile ile. Mwenzake wa Gatina huondoka alfajiri kwenda Lavington kutafuta nguo za kufua. Asipopata kibarua, unga kwake ni ghali hata kama bei haikupanda kwa senti moja. Kwa hiyo tusikubali kuambiwa kwamba njaa ya Nairobi ni jambo la mvua peke yake. Mtu aweza kulala njaa huku maduka yamejaa.

Mvua, hata hivyo, ina sehemu yake, na kalenda yake yajulikana. Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huvunwa kuanzia Oktoba hata Desemba. Kufikia Mei na Juni maghala ya wakulima huwa yamepungua, nasi tukategemea yale yanayoingia kutoka Uganda na Tanzania. Miezi hiyo ndiyo migumu, na hairukwi mwaka wowote. Mwezi Machi 2021 serikali ilipopiga marufuku mahindi ya majirani hao kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza amri ile baada ya siku chache, kila mfanyabiashara alitambua jinsi mlango huo ulivyo mwembamba. Sumukuvu si mzaha: mwaka 2004 iliwaua watu 125 katika sehemu za Ukambani na jirani zake. Lakini jambo linalorudi kila mwaka haliwezi kuitwa ajali.

Tena tunayo historia ya kutufundisha. Upungufu wa mwaka 1965 ulifuatwa na tume ya uchunguzi, na waziri Paul Ngei akasimamishwa kazi mwaka 1966 kwa ajili ya kashfa ya mahindi, kisha akarudishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 tuliuza mahindi nje ya nchi. Kufikia mwaka 1980 tulikuwa tukipanga foleni kungojea ya kuagizwa. Nao ukame wa mwaka 1984 ulikuwa mkali kuliko mingi, lakini serikali ya wakati huo, ambayo sina desturi ya kuisifu, iliagiza mahindi mapema. Yalikuwa ya manjano, tukayanung'unikia na kusema ni chakula cha kuku. Tulikula. Yaani uhaba huzuilika pale ambapo mtu amehesabu magunia kwa wakati wake na kusema ukweli juu ya hesabu hiyo.

Vijana huenda hawajui kwamba hadi Desemba 1993 hukuweza kusafirisha mahindi mengi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali. Nafaka ilipita kwa Halmashauri ya Nafaka na Mazao, ikaenda kwa wasagaji wakubwa, ikatufikia ikiwa unga wa pakiti uliokobolewa. Mwenye kinu kidogo mtaani hakuwa na cha kusaga. Vizuizi vilipoondolewa, vinu vya posho vikaongezeka mijini, na maskini akapata unga wa nafaka nzima kwa bei nafuu kuliko wa pakiti. Nawakumbusha hili kwa sababu kibali ni mali: anayekigawa amegawa fedha, na anayekinyimwa huhongwa au huhonga. Vibali vya kuvuka wilaya vimekwisha, bali ruhusa za kuagiza mahindi kutoka ng'ambo bila ushuru zingali zikitolewa kila wakati wa upungufu. Mwaka 2009, baada ya Rais Kibaki kutangaza njaa kuwa janga la taifa, mahindi ya akiba yalizua kashfa iliyofika Bungeni. Mwaka 2018 wakulima walilala na malori nje ya maghala huku wafanyabiashara wakiwa wamekwisha kulipwa mamilioni.

Na sasa nizungumze juu ya unga wa uchaguzi, ambao hapa kila mmoja wetu ameuonja. Mwezi Mei 2017 pakiti ya kilo mbili iliteremshwa hadi shilingi 90, na kura ilikuwa Agosti. Mwaka ulipokwisha, ruzuku nayo ikakoma. Tarehe 20 Julai 2022 ikatangazwa shilingi 100, wakati bei ilikuwa imepita 200, na kura ilikuwa tarehe 9 Agosti. Katika maduka mengi pakiti ile ilisikika zaidi kuliko ilivyoonekana. Rais mpya alipoapishwa Septemba alisema ruzuku hiyo imekula mabilioni bila faida, akaigeukia mbolea, nayo mwaka 2024 ikagunduliwa kwamba baadhi ya magunia yaliyouziwa wakulima kama mbolea ya ruzuku hayakuwa mbolea. Simlaumu mama aliyenunua pakiti ya shilingi 90, angefanyaje? Nalaumu utaratibu unaolifungua ghala kwa tarehe ya kura badala ya tarehe ya njaa.

Ninyi wa makanisani mwaijua habari ya Yusufu na maghala ya Misri. Twapenda kuhubiri sura ya 41 ya Mwanzo, jinsi alivyoweka akiba. Nawaomba msome na sura ya 47. Watu walileta fedha, kisha mifugo, kisha mashamba, mwishowe wakajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao, ili wapate nafaka waliyoilima kwa mikono yao. Ghala lilikuwa limejaa, na watu hawakuwa na sauti juu yake.

Kanisa hugawa chakula, na ligawe. Lakini tuliyoyaona Kibera tarehe 10 Aprili 2020, watu wakikanyagana na kupigwa vitoa machozi kwa ajili ya msaada mbele ya ofisi ya serikali, yanaonyesha mwisho wa njia ya kugawa bila kuhesabu.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Naviomba vikundi vyenu viwili mviunganishe vifungu hivyo katika barua moja. Iulize ni magunia mangapi yaliyomo katika akiba ya taifa leo, na katika maghala gani; nani walioruhusiwa kuagiza mahindi, kiasi gani, na yatafika lini; wakulima wangapi bado wanadai malipo. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Ipelekwe sasa, isingoje Mei.

Pamoja na barua hiyo, kila Jumamosi watu wawili Toi na wawili soko la Kawangware waandike bei ya gorogoro la mahindi na la maharagwe, na bei ya kusaga. Wachukue mizani, mikebe mmeiona. Daftari hilo lisomwe makanisani baada ya matangazo, na nakala yake iambatishwe kwa kila barua itakayofuata.