Ukili, Simu na Somo la Sanaa

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika, Chumbi, Rufiji)

 

Mtaala mpya wa elimu ya msingi ulianza kutumika Januari 2024, na ndani yake limo somo la Sanaa na Michezo kuanzia Darasa la Tatu. Swali tulilokuja nalo ni hili: vifaa vya TEHAMA vitamsaidiaje mtoto wa Chumbi kujifunza sanaa?

Wapo wanaosema fedha za wafadhili zinunue madawati kwanza. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana hatuombi chumba cha kompyuta. Tunachoomba kwa kila shule ni tableti moja au simu mbili, paneli ndogo ya umeme wa jua, na mafunzo kwa mwalimu.

Mkufunzi wa kwanza wa somo hili mnaye tayari: ni mama anayesuka ukili. Yeye huhesabu kindu, mbili juu, mbili chini, na kwa hesabu hiyo nakshi hutokea. Picha ya simu nayo imejengwa kwa hesabu. Ukiikuza sana utaona miraba midogo midogo, kila mmoja na rangi yake.

Kwa hiyo wanafunzi wapige picha mkeka wa nyumbani, waikuze, wanakili nakshi kwenye daftari la miraba, kisha wabadilishe rangi kwa programu ya kuchora kama Tux Paint, ambayo ni ya bure na ikishawekwa haidai intaneti. Mwisho wasuke kipande kwa mikono yao. Hapo ndipo itakapojulikana kama nakshi waliyobuni inasukika.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia mbao za bei nafuu na rangi za baiskeli. Alishika kilichokuwepo mjini akakitumikisha. Nasi tuitumikishe simu.

Jambo hili lina haraka. Mafuriko ya Aprili 2024 yalihamisha kaya nyingi Rufiji na Kibiti. Mkeka ukichukuliwa na maji, nakshi hubaki kichwani mwa msukaji. Naye akifariki bila kumfundisha mtu, imekwenda.

Tunaweka masharti matatu. Kwanza, vifaa viandikwe kwenye daftari la kamati na vitumike darasani. Visifungiwe kabatini vikisubiri wageni. Pili, picha ya mtoto isipigwe wala kusambazwa bila ridhaa ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana sote, hata sisi tunaowapelekea wafadhili taarifa. Tatu, kila nakshi ihifadhiwe pamoja na jina la aliyeisuka, kwa idhini yake.

Kamati itakayotaka kuanza isituletee kwanza orodha ya vifaa. Ituletee jina la mwalimu aliye tayari na wasukaji wawili waliokubali kuingia darasani. Vifaa vitafuata watu.

Katika Kutoka 31, Mungu alimjaza Bezaleli roho yake kwa ajili ya kazi ya mikono. Kipawa hicho kipo hata Chumbi. Tusikiache kipotee.